Uzi wa Begani

Nilikwenda Sagana na kiberiti ndani ya mkoba, na sivuti sigara. Wenzangu walibeba leso, chapati, sabuni na nguo za kubadilisha, kama watu wanaokwenda kutembea. Mimi nilibeba kiberiti, rili nzima ya uzi wa nailoni, na kosa ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Mimi ni fundi wa cherehani. Kibanda changu kiko Gatina, hapa Kawangware, kwenye safu ya mafundi tisa, wote wanawake, chini ya gorofa ambayo wapangaji wake hutumwagia maji ya vyombo kila tukisahau kufunika vitambaa. Kazi yetu ni sare za shule. Nimeshona sare hadi nikimwona mtoto barabarani najua shule yake, najua darasa lake, na kama suruali ilitoka kwangu najua pia mamake ana mdomo kiasi gani.

Jinsi nilivyoanza kushona vitu vya mtoni ni hadithi fupi. Miaka michache iliyopita mzee mmoja mwenye kambi ya michezo ya mtoni huko Sagana alipita kwenye safu yetu akiuliza ni nani anayeweza kushona kitu kigumu. Wakamwelekeza kwangu, kwa sababu cherehani yangu ni ile ya zamani, nzito, inayotoboa hata kandambili. Akafungua gunia akatoa jaketi okozi, zile nono wanazovaa watu majini ili waelee. Zipu zilikuwa zimeng'oka, mikanda imelegea. Nilizishona, akazipenda, na tangu siku hiyo mzigo ukawa unakuja kwa gari la parseli kila baada ya wiki kadhaa. Miezi ambayo hakuna mtoto anayeshonewa sare, jaketi hizo ndizo zilikuwa zikinipa sababu ya kufungua kibanda. Nilijivunia sana. Wenzangu walikuwa wanavisha shule. Mimi nilikuwa navisha mto, na mto wenyewe sikuwa nimeuona.

Nilifundishwa kushona na shangazi yangu, Soweto West kule Kibera, nilikozaliwa na kulelewa baada ya wazazi wangu kuhamia Nairobi kutoka Magharibi. Shangazi alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, fundi hatoki nyumbani bila sindano chini ya kola, kwa maana nguo za watu hupasuka popote, hata kanisani. Ya pili, uzi haupandi kwenye cherehani kabla ya kuonjeshwa moto. Unakata kipande, unawasha kiberiti, unatazama. Nailoni huyeyuka ikajikunja kuwa tone gumu. Pamba huwaka ikawa majivu, na ukiyagusa yanapotea. Muuza uzi anaweza kukudanganya, alisema shangazi, lakini moto hauna haja ya kukuuzia kitu.

Kosa langu lilikuwa la Januari. Januari kwetu si mwezi, ni vita. Wazazi wamejaa mlangoni, shule zinafunguliwa Jumatatu, na kila mmoja anaapa kwamba alileta kitambaa kabla ya wote. Katikati ya vita hiyo mzigo wa jaketi ulikuwa chini ya meza, umebaki kushonwa mabega tu, na gari la parseli lilikuwa linaondoka saa kumi jioni. Uzi wa nailoni ukaniishia. Duka la uzi liko hatua chache tu kutoka kwangu, ng'ambo ya barabara. Niliwatazama wale wazazi, nikatazama jaketi, kisha nikafikiri kama fundi wa sare: kwa miaka yangu yote sijawahi kuletewa nguo iliyopasuka begani. Suruali hupasuka makalioni, shati hupasuka kwapani, sketi hupasuka kwenye zipu. Bega halina kazi, limelala tu. Tena mtu akiwa majini, nilijiambia, maji ndiyo yanayombeba. Basi mabega ya jaketi zilizosalia nikayapiga uzi mweusi wa pamba uliokuwa tayari kwenye cherehani, nikafunga mzigo nikautuma. Nilijua kwamba pamba ikiloa na kukauka, ikiloa na kukauka, huoza. Nilijua vizuri. Niliona tu kwamba mahali pale haitamdhuru mtu.

Nikasahau. Mizigo mingine ikaja, nikaishona kwa nailoni kama kawaida.

Mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa, safu yetu ikaamua kutembea. Kila mwaka tunakwenda mahali kwa siku moja. Mwaka uliotangulia tulipanda milima ya Ngong kutazama mandhari, tukarudi na mafua. Mwaka huu wakasema mtoni, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na mwenyeji, Sagana ikashinda. Hadi hapo nilikuwa na furaha, na maringo kidogo.

Jumatano, siku tatu kabla ya safari, jirani yangu wa cherehani alikuja na simu yake. Huyu ni Mkamba wa Kitui, tumepakana miaka kumi, na hakuna siri ya safu ile ambayo haijapitia kwake. Alikuwa amepata video ya watu wakicheza kwenye kambi ile ile. Boti ya mpira inashuka kwenye maji meupe, watu wanapiga kelele, mmoja anarushwa nje. Mwanamke mfupi mwenye jaketi ya kijani anainama, anamshika yule mtu mabega mawili ya jaketi, anajitupa nyuma, na mtu mzima anaingia botini na maji yake yote.

"Ona huyu msichana!" jirani akasema. "Amemtoa kama gunia ya viazi!"

Akairudisha tena nione. Nikaona. Uzito wote wa mtu, na maji yaliyojaa nguo zake, na mto unaomvuta miguu, vyote vilikuwa vinaning'inia kwenye bega la jaketi. Nikamwambia jirani ni nzuri sana, nikarudi kwenye sketi niliyokuwa nashona nikaikata vibaya.

Nilipiga simu kambini mara moja. Haikushikwa. Nilifurahi kwamba haikushikwa, na naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa na Alhamisi nzima na Ijumaa nzima za kupiga tena, na sikupiga. Nilijua nikisema, kazi imekwenda, na jina langu litafuata, kwa sababu Gatina habari haina miguu lakini inafika kabla yako. Nikajipangia ujanja. Nitafika kama mgeni, nitazipitia jaketi polepole kama fundi anayetazama kazi yake, nitazitambua mbovu kwa kiberiti, nitazishona nyuma ya choo, na hakuna atakayejua. Mficha uchi hazai, wazee walisema. Mimi nilitaka kuzaa bila kuvua.

Jumamosi tukafika Sagana mapema, jua bado halijawa kali.

Lazima niseme hapa kwamba mto niliokuwa naujua mimi ulikuwa kitu cha kuruka. Soweto West mto ni maji meusi na mifuko, mawe matatu katikati. Unashika sketi unaruka, na ukikosea jiwe utaoga mara mbili na bado watu watakukalia mbali. Kwa hiyo aliyewahi kuniambia kuna watu wanaosafiri kwenda kucheza mtoni, nilimwona mtu aliyekosa kazi.

Sagana ilinifunga mdomo. Mji wenyewe ni mdogo, ukipiga chafya katikati utajibiwa pande zote mbili. Lakini umekaa, haukimbii. Kuna maduka ya zamani yenye baraza pana, baraza za kukalia kabisa, si za kupitia. Kuna stesheni ya reli ya tangu enzi za mkoloni, ambako mbao za benchi zimelainishwa na makalio ya watu wa miaka hiyo hadi zinang'aa. Tulilikalia benchi hilo sote tisa kwa zamu, kila mmoja akitaka kupigwa picha kama mtu anayengoja gari-moshi la kwenda mlimani. Nilimtazama fundi mwenzangu mmoja akipapasa ukuta wa mawe kwa kiganja, vile tunavyopapasa kitambaa kizuri dukani ambacho hatukukusudia kununua, nami nikafanya vivyo hivyo. Mawe yalikuwa yamekatwa kwa mkono, yamekaa sawasawa. Aliyeyakata hakuwa na haraka ya saa kumi.

Mto niliusikia kabla sijauona. Tuliteremka kwa njia ya udongo mwekundu, migomba huku na huku, na kelele ikawa inakua hadi ikatubidi tuinue sauti. Kisha huo hapo, mpana, wa kijani mahali palipotulia na mweupe penye mawe, unapita kwa nguvu kana kwamba nchi nzima inausubiri. Kilichonishangaza kwanza ni kwamba haukunuka. Maji mengi hivyo, na hayanuki! Nilivuta pumzi hadi kizunguzungu. Kwa dakika moja, naapa, nilisahau kiberiti.

Jirani yangu Mkamba alikuwa ameshuka na mitungi miwili, lita ishirini kila mmoja, imejaa maji ya Kawangware. Tulikuwa tumemcheka tangu asubuhi.

"Chekeni tu," alikuwa anasema. "Mimi natoka Kitui. Kwetu mto ni mchanga. Ukitaka maji unachimba mpaka mgongo inalia. Siwezi kuenda mahali bila maji yangu."

Sasa aliweka mitungi chini, akasimama ukingoni, mikono kiunoni. Alifuata maji kwa macho hadi kwenye kona, akarudi kutazama yanayokuja.

"Na hakuna mtu anachimba," akasema mwishowe.

Mwongozaji wetu alikuwa ndiye yule mwanamke wa kwenye video. Mfupi, wa miaka thelathini na kitu, mikono imejaa kama ya mtu wa kukanda unga, jaketi yake ya kijani imepauka na ina filimbi iliyofungwa kifuani. Amezaliwa hapo hapo mjini. Babu yake alikuwa mtu wa reli, alituambia, na bibi yake alikuwa akifua nguo kwenye jiwe lile pale.

"Niaje wamathe! Karibuni kwa mto," alisema, akituita mama kwa Sheng, na kucheka kwake kulipita kelele za maji.

Nilimpenda papo hapo, na hapo ndipo kosa langu lilipoanza kuniuma kwa kweli. Alitusomea ule mto kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Pale maji yanapofanya kikunjo kuna jiwe chini. Pale panapoonekana laini kama uji ndipo pa kuogopa. Hapa boti hupita asubuhi, pale hupita tu mvua ikinyesha mlimani. Hakuwa anajionyesha. Alikuwa anatujulisha kwa mwenyeji wake.

Nikamwendea pembeni. "Dada, mimi ndiye fundi wenu wa Kawangware. Naomba nione jaketi kidogo kabla hatujavaa."

"Wacha! Ni wewe?" Akanipa mkono kwa nguvu. "Nilidhani fundi ni mwanaume. Utaona zote mathe, tukitoka. Saa hii tunavaa."

Ujanja wangu ukafia hapo. Akatupanga mstari, akaanza kutueleza. "Ukianguka usiogope, na usinishike. Mimi ndio nitakushika." Akajipiga mabega yote mawili. "Hapa. Maisha yako yote iko hapa."

Mbele yetu kulikuwa na familia moja ya wageni, tayari wamevaa, wanaingia kwenye boti ya kwanza. Baba wa familia hiyo aligeuka kumpa mkewe mkono. Jua likampiga begani, nikaona uzi. Nailoni nyeusi hubaki nyeusi. Pamba nyeusi ikikaa juani hugeuka rangi ya chai, na ule uzi ulikuwa chai ya rangi kabisa.

"Ngojeni!" nikapiga kelele. "Mtoeni huyo! Mtoeni!"

Watu wote wakageuka, hata wapiga makasia. Sikuwa nimepanga cha kusema baada ya hapo.

"Hiyo jaketi imeshonwa vibaya," nikasema. "Niliishona mimi."

Mwongozaji alipuliza filimbi mara moja, fupi, na watu wote wa boti wakashuka bila kuuliza. Kisha akaja akasimama mbele yangu. Nikamwambia yote: Januari, wazazi mlangoni, gari la saa kumi, pamba, na vile nilivyodhani bega halina kazi. Niliyasema mbele ya mafundi wenzangu wanane, na miongoni mwao alikuwepo yule niliyemsema wiki iliyotangulia, mbele ya wateja, kwa kushona vifungo kwa uzi mmoja. Nikasema pia kwamba nilijua tangu Jumatano.

Aliingia stoo akatoka na jaketi moja ya rangi ya chungwa, akanipa. Begani palikuwa pameshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki, mishono mikubwa, mibaya, imara.

"Hii ilinikatikia kwa mkono," akasema. "Mwezi wa sita. Kulikuwa na mtu ndani."

Nikapapasa ile mishono, nikauliza: "Akaenda na maji?"

"Nilimshika nywele. Alikuwa na rasta, Mungu saidia. Angekuwa na kipara sijui ningeshika wapi." Hakuwa anacheka. "Nilidhani jaketi imezeeka tu. Nikaishona mwenyewe, na hii yangu pia nikafumua nikashona mwenyewe, kwani singeamini tena. Ungesema, mathe. Namba uko nayo."

"Ninayo."

"Ungesema."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Niliona haya, nikakaa kwenye nyasi na ile jaketi mapajani, nikamfikiria kijana mwenye rasta nisiyemjua, na mama yake nisiyemjua, na wale wazazi wa Januari ambao leo hata sikumbuki sura zao. Kwa ajili yao nilikuwa karibu kuua mtu.

"Sasa tutajuaje mbaya ni gani?" mwongozaji akauliza.

Nikatoa kiberiti.

Jaketi zote zilitandazwa kwenye nyasi, za stoo na zile walizovua wageni. Nilikata ncha ya uzi kwenye bega la kwanza, nikawasha, moto ukazima kabla ya kuugusa uzi. Nikawasha tena, ukazima tena. Jirani yangu Mkamba akaninyang'anya kiberiti, akapiga magoti, akaanza yeye. Anachoma, anatazama, anasema kwa sauti ili wote wasikie.

"Tone. Tone. Tone. Majivu."

Ile ya majivu ikawekwa upande wa kushoto. Alipomaliza, upande wa kushoto kulikuwa na sita, ukiitoa ile ya uzi wa samaki. Nilitoa rili yangu ya nailoni mkobani na sindano chini ya kola, nikijiandaa kukaa pale peke yangu hadi jioni huku wenzangu wakicheza. Ilikuwa haki yangu.

Jirani akatia kidole chini ya kola yake akachomoa sindano. "Lete huo uzi," akasema.

Yule wa vifungo akachomoa yake. Wa tatu akachomoa. Shangazi yangu hakuwafundisha hawa, walifundishwa na mashangazi wengine, Machakos na Kakamega na kwingineko, lakini wote tisa tulikuwa tumekwenda kuogelea na sindano chini ya kola. Wakavua viatu, wakakaa duara kwenye nyasi, wawili wawili kwa jaketi moja, mmoja anabana bega na mwingine anashona, mshono wa kurudi nyuma, mara tatu juu ya mahali pamoja. Yule baba wa familia akaomba ashike kitu, akapewa jaketi aishike ikiwa imenyooka, akashika kama mtoto mchanga.

"Tumetoka Kawangware kuja kushona Sagana," jirani akasema. "Si tungebaki tu huko tumwagiwe maji ya vyombo."

Wakacheka. Mimi sikuthubutu.

"Vifungo vyangu havijawahi kuua mtu," akasema yule wa vifungo, macho kwenye sindano yake. Nilistahili, na nikamwambia nimestahili. Akanisogezea mkasi.

Kila jaketi ilipokwisha mwongozaji aliichukua, akatia mguu wake ndani, akashika mabega mawili na kuvuta juu kwa nguvu zake zote hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Nilitazama shingo ile mara sita. Hakuna iliyokatika. Ya mwisho akanirushia mimi.

"Hii utavaa wewe."

Tulishuka mtoni jua likiwa utosini. Sijui nieleze vipi. Mto ulitubeba, ukatuzungusha, ukatutia chini ukatutoa, na mafundi wa sare wa Gatina, wanawake wenye wajukuu, walipiga mayowe hadi ndege wakaondoka mitini. Mwongozaji alikaa nyuma na kasia lake moja, akisema "mbele" na "simameni" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwelekeza mtu duka la unga. Alikuwa anaona kitu ambacho sisi hatukioni, na kila mara kilikuwa pale aliposema. Nimewaona watu wachache sana wakifanya kazi yao vile. Shangazi alikuwa mmoja.

Chini ya mikondo mto ukatulia, ukawa kidimbwi kikubwa, milima ya mawe kila upande. Mwongozaji akaweka kasia.

"Fundi, ruka."

"Sijui kuogelea."

"Najua. Ruka."

Jirani yangu akaanza kuomba kwa Kikamba. Nilisimama, nikashika pua, nikaruka. Maji yalikuwa baridi ya mlimani, yakanifunika kichwa, yakaingia masikioni, na kwa muda ambao hautaisha hata nikizeeka sikuwa na chini wala juu. Kisha jaketi ikaninyanyua. Nikatoa kichwa nikikohoa, mto unanivuta miguu taratibu kunipeleka unakokwenda, nami sina cha kushika. Nikakumbuka: usinishike, nitakushika. Nikaacha kupapatika.

Mikono miwili ikanikamata mabegani. Nilisikia uzi ukikaza, kweli nilisikia, pale karibu na sikio, mlio mdogo kama wa kamba ya mzigo. Uzito wangu wote, na si mdogo, ukaning'inia hapo. Kisha nikawa niko ndani ya boti, uso chini, nimelalia miguu ya jirani yangu, ninalia kwa sauti mchana kweupe. Sikujali nani ananiona.

Mwongozaji akainama, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, kulia, kisha kushoto.

"Imeshika," akasema.

Nikafuta uso. "Kwa hivyo mzigo utaendelea kuja?"

Alichukua kasia lake kabla hajanijibu. "Hiyo nitaongea na mzee. Nitamwambia ulisema mwenyewe. Lakini yangu, mathe, yangu nashona mwenyewe. Usikasirike."

Sikukasirika. Ningekuwa yeye nisingempa fundi kama mimi hata leso ya kupinda.

Tulikula samaki wa kukaangwa kwenye baraza ya duka moja la zamani, tukiwa tumeloa, tumechoka, vidole vina mafuta. Kabla hatujaondoka jirani aliteremka tena mtoni peke yake. Alimwaga maji ya Kawangware kwenye mizizi ya mgomba, akaijaza mitungi yote miwili kwa maji ya Sagana, akapanda nayo mlima ule akihema. Hatukumcheka. Alisema tu maji mengi hivyo hayaachwi hivi hivi.

Wiki tatu zikapita bila mzigo. Sikupiga simu, nilikuwa nimepoteza haki ya kupiga. Safu nzima ilijua, na wateja wangu wawili walihamia kwa yule wa vifungo, ambaye alinionyesha kitambaa chao bila kuringa, akaniomba ushauri wa kola. Jioni nilikuwa nikifunga kibanda mapema.

Kisha Jumanne moja mwendesha bodaboda wa parseli akasimama mlangoni, akateremsha gunia ninalolijua. Nilikata kamba. Ya juu kabisa ilikuwa jaketi ya kijani, imepauka, na filimbi yake imefungwa kifuani. Uzi wa samaki ulikuwa umefumuliwa wote, nyuzi zimetolewa moja moja, matundu yamesafishwa, na mabega mawili yameachwa wazi.

Niliitandaza mezani. Nikavuka barabara kwenda kununua uzi mpya, nikarudi, nikakata kipande, nikawasha kiberiti.